Jibu: Nitajuaje kama Adamu na Hawa ya Dürer ni chapa halisi?

Ndugu, umeuliza kama picha yako ya Adamu na Hawa ni chapa halisi, yaani picha iliyochapwa kwa bamba la shaba, ya msanii Mjerumani Albrecht Dürer ya mwaka 1504. Itoe kwanza kwenye fremu, maana nyuma ya kioo hutaona kitu.

Chukua lenzi inayokuza mara 10, uangalie vivuli kwenye paja la Adamu. Ukiona vidoti vilivyopangwa sawasawa, hiyo ni nakala ya kiwandani. Dürer alichonga bamba la shaba kwa mkono, kwa hiyo kila mstari huanza mwembamba, hunenepa, kisha huisha kwa ncha kali. Mulika taa kutoka pembeni: wino wa chapa ya shaba huwa umeinuka kidogo juu ya karatasi.

Alama ya ukingo wa bamba, yaani mbonyeo unaoachwa na bamba kwenye karatasi kuizunguka picha, isikudanganye. Chapa nyingi halisi zimekatwa hadi ukingoni, na nakala za Amand-Durand, Mfaransa aliyenakili chapa za kale katika karne ya 19, zina alama hiyo na wino ulioinuka pia. Geuza karatasi utafute muhuri mwekundu wa Amand-Durand; ukiuona, hiyo ni nakala yake.

Pima: picha ni takriban sm 25 kwa 19. Ikizidi sana, si yenyewe. Shikilia karatasi kwenye mwanga. Chapa za mwanzo mara nyingi zina alama ya maji (alama iliyomo ndani ya karatasi yenyewe) ya kichwa cha fahali.

Usiisafishe wala kuibandika gundi. Mpelekee mtaalamu wa chapa za kale jinsi ilivyo.