Maswali ya Wasomaji: Mavi ya Banda, Maji ya Kijito

Barua za safari hii zote zinatoka kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, ambako ng'ombe wa maziwa halishwi porini bali hukatiwa mabingobingo na kuletewa horini, na ambako mfereji mmoja hupita nyumba kumi kabla ya kufika bondeni. Tumezifupisha.

Nina bwawa la sato Kibosho, linajazwa na mfereji. Baada ya mvua kubwa ya siku mbili niliamka alfajiri nikakuta samaki wakubwa karibu wote wameelea, wadogo bado wazima. Jirani wa juu ana nguruwe zaidi ya 40. Yeye anasema nimewekewa sumu. Nani mkweli?

Wakubwa wamekufa, wadogo wamebaki, na ilikuwa alfajiri. Hao walikosa pumzi, hawakulishwa sumu. Samaki mkubwa hudai oksijeni zaidi, hivyo hutangulia kufa ikipungua. Mwani wa bwawani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huitumia, kwa hiyo saa mbaya kuliko zote ni ile kabla ya jua kuchomoza. Sumu ya wadudu, kama dawa ya kupe, haingoji alfajiri. Mara nyingi huanza na samaki wadogo, tena huwafuta hata kaa na wadudu walio chini ya mawe.

Mavi yenyewe hayamuui samaki kwa kuwa ni mavi. Bakteria wanaoyala ndio wanaomaliza oksijeni. Wataalamu hupima njaa hiyo kwa miligramu za oksijeni ambazo lita moja ya maji hudai ndani ya siku tano. Mto safi hauvuki 5. Maji machafu ya nyumbani hufika kama 300. Tope la ng'ombe ni 10,000 hadi 20,000, na la nguruwe 20,000 hadi 30,000. Sasa linganisha: maji ya nyuzi joto 25 hubeba kama miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na huku mlimani hata hazifiki. Ndoo moja ya lita 20 ya tope la nguruwe, kwa hesabu ya karatasi, inaweza kumaliza pumzi ya lita 60,000. Hilo ni bwawa la mita 10 kwa 6 lenye kina cha mita moja. Hewa hurudisha kiasi, lakini ndoo nazo haziji moja.

Jirani usimwendee na polisi. Mwendee na mawe mawili. Panda na mfereji hadi juu ya banda lake, ugeuze jiwe. Ukikuta vijidudu bapa vyenye mikia mitatu vimeling'ang'ania, maji hapo ni mazima. Kisha geuza jiwe la chini ya banda. Likiwa limevaa utelezi wa kijivu kama sufi iliyolowa, na tope lake lina minyoo myekundu kama nyuzi, hakuna haja ya maneno mengi. Piga picha zote mbili siku hiyohiyo.

Bwawa lenyewe: mvua kubwa ikianza, ziba mlango wa mfereji hadi maji yang'ae tena. Usilishe kwa siku mbili au tatu, maana chakula kinachobaki nacho huoza. Ingiza maji safi yakianguka kutoka juu, kupitia debe lililotobolewa matundu mengi, yachukue hewa njiani. Waliokufa wazikwe mbali na maji, wasiuzwe.

Shikamooni. Nina ng'ombe chotara 6, banda la mita 8 kwa 6 na uwanja wa zege wa mita za mraba 60. Shimo la samadi hufurika kila masika na kuingia kijitoni, mita 25 kutoka hapo. Nimelipanua mara mbili bila mafanikio. Nichimbe kina gani?

Marahaba. Weka jembe chini, shika kalamu. Ng'ombe wa kilo 400 hutoa takribani kilo 20 za mavi na lita 10 za mkojo kwa siku. Ukiparua sakafu kwa koleo kwanza, ndipo ukasuuza, lita 10 za maji kwa kila ng'ombe zinatosha. Sita wanakupa lita 240 kwa siku. Sasa mvua: milimita moja ikiangukia mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50, ambayo kwenu mwezi wa nne si ajabu, inaleta lita 2,400 kutoka paani na 3,000 kutoka uwanjani. Jumla lita 5,400, yaani nafasi ya siku 22 za ng'ombe imeliwa kwa siku moja. Umekuwa ukiwachimbia mawingu.

Anza na gata. Ipe mteremko wa sentimita moja kwa kila mita mbili, iingie kwenye tangi. Kosa tunaloliona sana ni tangi likijaa, bomba lake la ziada linamwaga uwanjani, na gharama yote ya gata imepotea. Lipeleke kwenye migomba. Upande wa juu wa banda chimba mtaro wa kukinga maji ya mlimani, kina sentimita 30 na upana 50. Uwanja ama uezeke, ama uugawe kwa tuta la zege la sentimita 15, ili ng'ombe wabaki kwenye nusu moja na nusu nyingine imwage maji safi nje.

Kisha tenga mavi na mkojo, maana hapo ndipo utakapookoa nafasi kubwa. Sakafu iinamie upande mmoja, sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mkondo wa upana wa sentimita 20. Ikiwa bapa mno mkojo unatuama na ng'ombe wanaoza kwato. Ikiinama sana wanateleza. Mkondoni uingie mkojo na maji ya kusuuza tu. Hapo una lita 120 kwa siku, na kwa siku 92 za Machi hadi Mei ni lita 11,000 na kidogo. Shimo la mita 3 kwa 2.5 lenye kina cha mita 1.8 linatosha kama mvua ya uwanjani haiingii humo, ukiacha sentimita 30 za juu bila kujaza. Lifunike. Shimo lililo wazi la ukubwa huo huongezewa lita 750 kwa kila milimita 100 za mvua.

Mavi yapelekwe chini ya paa, juu ya zege, pande tatu ziwe na ukuta wa nusu mita. Changanya na majani makavu ya mgomba, maranda ya mbao au maganda ya kahawa. Ukitia majani mabichi lundo litavuja. Fumbata konzi moja: matone mawili matatu kati ya vidole ni sawa, yakitiririka ongeza vikavu. Baada ya wiki chomeka nondo katikati ya lundo kwa dakika kumi. Ukiichomoa usiweze kuishika vizuri kwa joto, kazi inakwenda. Ikitoka ya baridi, lundo limelowa mno au limeshindiliwa. Geuza kila baada ya wiki tatu.

Usiliache shimo la mkojo bila kusakafiwa. Udongo wenu wa volkano hunywa haraka, na wengi hujisifu kuwa shimo lao "halijai". Halijai kwa sababu limehamia kwenye chemchemi ya mtu mwingine. Jenga kwa mawe, piga plasta ya saruji moja kwa mchanga tatu, tabaka mbili. Kabla ya kulitumia lijaze maji safi, uache siku nzima plasta inywe, ndipo upige alama na kulifunika. Yakishuka zaidi ya sentimita moja kwa saa 48, kuna ufa.

Na usiweke koki chini ya shimo. Kila mwenye koki husema ni ya dharura, na kila dharura huangukia usiku wa mvua. Nyonya kwa pampu au chota kwa ndoo.

Jambo ambalo hukuuliza: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wewe uko mita 25. Shimo zuri halibadilishi kipimo hicho. Tunajua kihamba hakina pa kusogea, lakini ni afadhali uende mwenyewe ofisi ya Bonde la Pangani mjini Moshi, inayosimamia maji ya huko kwenu, na mchoro wa kuhamisha banda kuliko wao waje kwako na picha za mkondo wako. Wakati huo, ukanda ulio kati ya banda na kijito upande mabingobingo au majani ya gwatemala, si chini ya mita 10, kwa mistari inayofuata kontua, yaani inayokata mteremko kwa usawa. Majani huchuja maji yanayotandaa tu. Yakipata kijia cha kupita kwa kasi, hata ukanda wa mita 30 ni pambo. Kila baada ya mvua kagua, na palipochimbika weka mawe.

Ukitengeneza saileji, yaani majani mabichi yaliyoshindiliwa na kufungiwa hewa, maji yanayochuruzika humo ni makali kuliko mavi yenyewe: 30,000 hadi 80,000 kwa kipimo kile cha oksijeni cha barua ya samaki. Nyausha mabingobingo siku moja kabla ya kushindilia, na utapunguza sehemu kubwa. Maziwa yaliyoharibika ni mabaya zaidi ya hayo. Yatie kwenye lundo la samadi, kamwe si kwenye mtaro.

Nina mtambo wa biogesi. Fundi aliniambia tope linalotoka halina madhara tena, basi la ziada nalielekeza korongoni. Kuna ubaya?

Upo. Mtambo umechukua kaboni ukaigeuza gesi. Naitrojeni na fosforasi zimebaki karibu zote, na sehemu kubwa ya naitrojeni sasa imekuwa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, hasa maji yakiwa ya joto. Harufu ndiyo iliyopungua, na hiyo humdanganya hata fundi.

Tena unatupa mali. Ndoo ya lita 20 ya tope la mtambo unaolishwa mavi na maji kwa usawa ina takribani gramu 40 za naitrojeni. Shina la mgomba likipata ndoo moja kila miezi miwili limeshiba kwa mwaka. Chimba kifereji cha nusu duara, nusu mita hivi kutoka shinani, upande wa juu wa mteremko, mimina na ufukie papo hapo. Ukiliacha juani amonia hupaa. Usimwage siku ambayo mawingu yamefunga.

Tunachota kijito kilicho chini ya mabanda. Naweka dawa ya klorini kama kikopo kinavyoelekeza, lakini watoto bado wanaharisha. Nina pia mtoto wa miezi mitatu. Niongeze dawa?

Hapana, mama. Klorini ikikutana na uchafu wa samadi na amonia huishia hapohapo, kabla haijafika kwa vijidudu. Na kuna kimelea kimoja cha ndama, kriptosporidiamu, ambacho klorini ya kipimo cha nyumbani haikiui kabisa. Moto hukiua. Acha maji yatuame usiku kucha, mimina ya juu kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, chemsha hadi yatokote kwa nguvu, dakika moja, au tatu kama mko juu sana mlimani. Yakipoa ndipo utie klorini, ili yasichafuke tena ndani ya ndoo.

Kwa mtoto mchanga kuna jambo jingine. Samadi huacha naitreti majini, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yakipungua kwa moto, yenyewe huzidi kukolea. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba oksijeni, midomo na kucha hugeuka rangi ya samawati. Ukiona hivyo mkimbize hospitali, na utaje maji unayotumia. Anayenyonya tu yuko salama. Kama anapewa maziwa ya kopo, maji yake yatoke kwingine: mvua ya paani iliyovunwa vizuri na kuchemshwa, au bomba linalopimwa.

Omba maabara ya maji ya mkoa ipime naitreti na bakteria wa kinyesi. Kwa kipimo cha bakteria tumia chupa watakayokupa wenyewe. Simama ukitazama maji yanakotoka, izamishe mdomo chini, igeuze ijae mbele ya mkono wako. Iweke kwenye barafu, ifike ndani ya saa sita.

Bomba la mgongoni la kupulizia kupe nalioshea wapi, kama si kijitoni?

Dawa nyingi za kupe zina saipamethrini, na kiasi kidogo mno huua samaki na wadudu wa majini mbali sana chini ya ulipooshea. Changanya kiasi cha ng'ombe ulionao ili kisibaki. Kikibaki, pulizia kuta za banda. Suuza chupa mara tatu, na kila mara maji hayo yarudi ndani ya bomba kabla hujamaliza kupulizia. Bomba lioshee mbali na maji, juu ya shimo la nusu mita lililojazwa udongo wa juu uliochanganywa na majani makavu. Vijidudu vya udongo huivunja dawa taratibu. Na ng'ombe waliopuliziwa wasikanyage kijito hadi manyoya yakauke.