Pikapu inayoyumba chini ya kempa: anza na mizani, vifaa baadaye

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kufunga, kupeleka au kukodisha kempa huku Marekani, hasa tulio upande wa Colorado na Wyoming, malalamiko mtakayoyasikia kuliko yote ni haya: gari linayumba. Mteja atakuja ameshaulizia bei ya stabilaiza (chuma kinachounganisha pande mbili za ekseli ili gari lisilale), jirani yake ameshamwambia anunue mifuko ya hewa ya kusaidia springi za nyuma, na anataka umfungie leo leo. Usimfungie kitu kwanza. Kuyumba kuna sababu nyingi ambazo dereva anaziona kama kitu kimoja, lakini kila moja ina dawa yake. Kifaa kizuri kikifungwa mahali pasipo pake kinakula pesa ya mtu na kumpa imani ambayo gari lake halistahili. Hilo la pili ndilo linaloua.

Kwa ambaye bado hajaishika kazi hii: kempa ninayoisemea ni kijumba cha safari kinachoingia kwenye bodi ya pikapu, kitanda kikiwa juu ya paa la dereva. Inasimama kwa jeki za pembeni, pikapu inarudi kinyumenyume chini yake, inashushwa taratibu, kisha inafungwa pembe nne kwa minyororo. Ndogo zina kilo mia kadhaa. Kubwa, zenye choo, jiko na maji, zinapita kilo 1,500. Uzito wenyewe si tatizo kubwa sana. Tatizo ni kwamba umekaa juu, na bapa la ubavu wa kempa linapokea upepo wote wa njiani.

Anza kwa kumuuliza mwenye gari linayumba lini. Akisema linalalia upande kwenye kona na kurudi polepole, fikiria springi na stabilaiza. Akisema linasukwasukwa kushoto na kulia anapoingia kituo cha mafuta, tairi moja likipanda ukingo kabla ya jingine, fikiria ile nafasi ya springi nitakayoieleza chini. Akisema linapiga kichwa mbele na nyuma kwenye maungio ya barabara ya zege, hizo ni shokapu, au mzigo umekaa nyuma mno. Na akisema mkia unaserereka kidogo kila lori linapompita, kabla ya yote kagua tairi na minyororo. Maswali haya hayachukui muda, na mara nyingi yanakupa nusu ya jibu kabla hujalala chini ya gari.

Kisha mpeleke mizani. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya kampuni ya CAT Scale, yenye majukwaa yanayopima kila ekseli peke yake. Tairi za mbele zikae jukwaa la kwanza, za nyuma la pili, utapata karatasi yenye namba zako. Pima gari likiwa tayari kwa safari: maji ndani, gesi, chakula, watu, na mbwa kama yupo. Linganisha na vibandiko vilivyo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kimoja kinasema watu na mzigo kwa pamoja visizidi uzito gani, kingine kinataja ukomo wa kila ekseli. Wengi wanasoma uzito mtupu wa kempa kwenye karatasi ya mauzo na kuishia hapo. Galoni 40 za maji peke yake ni kama kilo 150. Ongeza betri za ziada, paneli za sola juu ya paa, jenereta, baiskeli zilizoning'inia nyuma, na ile kempa iliyouzwa kama nyepesi si nyepesi tena.

Gari likiwa limezidi uzito, mwambie ukweli huo na usiuchanganye na mambo mengine. Hakuna springi ya kuongeza, hakuna mfuko wa hewa, hakuna stabilaiza inayobadilisha namba iliyo kwenye kibandiko. Ekseli, breki na rimu hubaki zile zile. Kuna fundi atakayemwambia mteja kwamba akifunga mifuko ya hewa ataweza kubeba zaidi. Usiwe fundi huyo.

Uzito ukiwa sawa, angalia umekaa wapi. Sheria ya Marekani inawataka watengenezaji wa pikapu zinazoweza kubeba kempa waeleze kitovu cha uzito wa kempa kinapaswa kuangukia eneo gani la bodi. Kempa nayo huwa na alama ubavuni inayoonyesha kitovu chake. Alama hiyo ikae mbele ya ekseli ya nyuma, hata kama ni kidogo. Ikipita nyuma, tairi za mbele zinapungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi, na upepo mdogo tu unalihamisha gari kwenye njia yake. Hapa kupanga upya kunafanya kazi bila senti moja. Vyakula vya makopo, zana na betri vishuke sakafuni na kusogea mbele. Kilichoko kwenye makabati ya juu kiwe nguo na mikate. Tangi la maji lijae au liwe tupu, kwa sababu likiwa nusu maji yanakimbilia upande ule ule gari linakoinamia, tena yanafika kwa kuchelewa, wakati dereva ameshaanza kulirudisha.

Kufunga ndipo ninapowaomba mikono yenu iwe makini. Kempa isiyobanwa inatembea ndani ya bodi, kila kona inasogea kidogo na kugonga, na dereva anahisi gari lote linayumba kumbe ni kempa peke yake. Sehemu za kufungia zifungwe kwa boliti kwenye chesisi, si kwenye bati la bodi tu, kwa kuwa bati linapinda na kuchanika. Weka mpira mzito sakafuni ili kempa isiteleze. Kama kuna nafasi kati ya kempa na ukuta wa mbele wa bodi, ijaze kwa fremu ya mbao iliyokatwa kwa kipimo, maana ukifunga breki za ghafla mzigo wote unakimbilia mbele. Minyororo ya mbele ivute kuelekea mbele na nje, ya nyuma ivute kuelekea nyuma na nje, zote zikibanwa sawasawa. Baada ya mwendo wa kwanza wa nusu saa hivi, simama uzikaze tena. Zitakuwa zimelegea, kwa sababu mpira umeminywa na kempa imekaa mahali pake.

Tairi sasa. Pikapu ya kubeba kempa inataka tairi za LT, yaani za malori mepesi, zenye herufi E ya ubebaji, ambazo nyingi zinaruhusu upepo hadi PSI 80 (pauni kwa inchi ya mraba) zikiwa baridi. Tairi laini la gari dogo linajikunja ubavuni, na kwa kuwa mzigo uko juu, kila milimita inayominywa chini inakuwa kubwa ukifika kwenye paa la kempa. Soma namba ya uzito kwenye ubavu wa tairi. Kwa mfano, LT275/70R18 yenye namba 125 (ni alama ya jedwali, si kilo) inabeba kilo 1,650 kwa tairi moja ikiwa na upepo kamili, basi mawili ya nyuma ni kilo 3,300. Linganisha na ile karatasi ya mizani, na usisahau kwamba rimu nayo ina ukomo wake. Upepo upimwe asubuhi kabla gari halijatembea wala jua halijalipiga tairi. Nimeona pikapu zikitulia kabisa kwa kujaza upepo tu, mwenye gari akiwa tayari ametoa kadi ya benki kununua vifaa.

Sasa springi, na hapa naomba mlale chini kweli, na tochi mkononi. Pikapu nyingi za kazi nzito zina springi za nyuma za vyuma bapa vilivyopangwa tabaka, na juu ya tabaka hizo kuna chuma kimoja au viwili vifupi ambavyo havigusi kitu gari likiwa tupu. Hivyo ni vya msaada. Mzigo ukiongezeka, chesisi inashuka mpaka ncha za vyuma hivyo zikutane na vikalio vyake, ndipo navyo vianze kubeba. Angalia umbali kati ya ncha na kikalio huku kempa ikiwa imepanda. Mara nyingi utakuta bado pana nafasi ya vidole viwili, au upande mmoja umegusa na mwingine bado. Hapo umemkamata mwizi. Gari linapoinama, upande unaoshuka husafiri nafasi hiyo yote ukiwa kwenye springi laini, kisha unakutana na chuma kigumu ghafla na kurudishwa. Upande wa pili unafanya vivyo hivyo. Ndiyo ile kusukwasukwa kwenye kituo cha mafuta.

Dawa yake ni kuijaza nafasi hiyo. Kuna vipande vya kuwekea katikati, kama StableLoad za Torklift, vinavyofanya springi ya msaada iguse tangu mwanzo. Havina hewa ya kuvuja, na mtu akishusha kempa anaweza kuviondoa kazini ili gari lisimrushe likiwa tupu. Kwa gari lenye springi za aina hii, kama lingekuwa langu, ningeanza na hivi kabla ya kitu kingine chochote. Lakini chungulia kwanza, kwa sababu si kila pikapu ina springi hizo. Pikapu ya Ram 2500 tangu modeli ya 2014 ina springi za koili nyuma, wakati 3500 imebaki na vyuma bapa. Mteja mwenye 2500 humwendei na dawa ya mwenye 3500.

Mifuko ya hewa ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Inainua mkia ulioshuka, inaweza kusawazisha kempa iliyo nzito upande wa jikoni, na kwa kazi hiyo ni mizuri. Kuzuia kuyumba ni kazi nyingine. Ukiikuta imefungwa, fuata mipira yake ya kupitishia hewa. Kama mifuko miwili imeunganishwa kwa mpira mmoja, itenganishe siku hiyo hiyo, kila mmoja uwe na vali yake. Ikiwa imeungana, gari likiinama kushoto hewa inasukumwa kutoka kushoto kwenda kulia, upande uliolemewa unalainika na ule wa pili unanyanyuka. Yaani kifaa kinaisaidia kempa kulala.

Stabilaiza ya nyuma ndiyo inayopambana na kuinama kwenye kona moja kwa moja, kwa sababu inaufanya upande mmoja uubebe mwenzake. Pikapu nyingine hutoka kiwandani bila hiyo nyuma, na nyingine zina nyembamba. Ile nene ya kampuni kama Hellwig utaihisi kwenye kona ya kwanza. Kabla ya kuuza mpya, zishike bushi na linki za ile ya zamani uzitikise, maana bushi iliyokufa inaifanya stabilaiza iwe pambo. Shokapu zinakuja mwisho kwangu. Hazizuii gari kuinama, zinazuia lisiendelee kunesa likishainama. Rancho 9000 zina ngazi tisa za ugumu unazozungusha kwa mkono, zinamfaa mtu anayepanda na kushusha kempa mara kwa mara.

Kuna kitu ambacho hakifungwi kwa spana. Kwenye kona, nguvu inayolilaza gari inakua kwa mraba wa mwendo. Kona unayoipita kwa maili 40 kwa saa, ukiipita kwa 30 nguvu hiyo inabaki kama asilimia 56 tu. Mwambie mteja hivyo, kwa namba, atakuelewa kuliko ukimwambia aendeshe polepole. Na kama anaelekea I-80 Wyoming, kati ya Laramie na Rawlins, pale karibu na Elk Mountain, mweleze habari ya upepo wa huko. Idara ya barabara ya jimbo huifunga njia hiyo kwa magari mepesi yaliyo marefu kwenda juu upepo ukizidi, na kempa yake imo kwenye kundi hilo hata kama yeye anajiona ana gari zito. Aangalie taarifa kabla hajaondoka, na akikuta imefungwa alale Laramie. Lori likimpita, kwanza hewa inamsukuma nje, kisha inamvuta ndani. Ashike usukani kwa mikono miwili, aachie mafuta kidogo, asifunge breki wala asikate usukani kwa hasira.

Mkiwa kwenye matengenezo, badilisheni kitu kimoja, mpite njia ile ile kwa mwendo ule ule, ndipo mguse kingine. Mteja akiwa na haraka, fanyeni mizani, mzigo, minyororo na tairi siku ya kwanza, kisha mwacheni aendeshe wiki moja. Andikeni upepo wa kila tairi na umbali wa springi kwenye karatasi ya kazi, na nakala moja abaki nayo kwenye gari, ili fundi wa mji mwingine atakayeipokea pikapu hiyo ajue alikoanzia mwenzake.