Maswali na Majibu: Nimesasisha programu, mipimo ya wakulima imetoweka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimetengeneza programu ya Android kwa mawakala wanaonunua alizeti vijijini Kongwa. Wakala anapima, anaandika jina la mkulima, kilo na bei. Data zinakaa kwenye Realm, kanzidata (ghala la data) ya ndani ya simu, na akifika penye mtandao zinapanda kwenye seva. Juzi niliongeza uga (sehemu ya kujaza taarifa) wa unyevu, programu ikagoma kufunguka na kuleta kosa la RealmMigrationNeededException. Jamaa kwenye kundi la WhatsApp akanipa mstari mmoja wa kuongeza, ikafunguka. Sasa mawakala wawili wa Pandambili wanasema mipimo waliyokuwa hawajaipandisha haipo tena. Je, Realm ina hitilafu? Naweza kuirudisha? Na kwa kuwa nasikia Realm imekufa, nihamie SQLite, kanzidata nyingine ya kwenye simu? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba. Mstari uliopewa naujua hata kabla hujautaja: deleteRealmIfMigrationNeeded. Kazi yake ni hii: faili la zamani likikutwa halilingani na madarasa mapya ya programu (muundo mpya wa data ulioandika), linafutwa, linaundwa jingine tupu. Programu yako ilifunguka kwa sababu hakukuwa tena na data ya kutolingana nayo. Huko ni kumaliza ugomvi wa mizani kwa kumwaga gunia.

Realm haina hitilafu hapo. Na hili ndilo linalonichosha, maana naletewa kila msimu na vijana wenye vichwa vizuri kabisa: wanauona ule ujumbe wa kosa kama ugonjwa. Kule kugoma kufunguka ndiko kulikokuwa kunailinda mipimo ya Pandambili. Kanzidata ilikuwa inakwambia, "Nina vitu hapa vya muundo wa zamani, niambie nivipeleke wapi." Aliyekupa ule mstari hakukuuliza kama kuna watu wanaitumia programu kazini. Mstari huo ni wa mezani, siku unapojaribu muundo na data za uongo. Kuupeleka kwa wakala ni uzembe, na anayeugawa kwenye kundi bila kusema hivyo ana lawama kuliko wewe.

Kuhusu kurudisha: matumaini ni madogo. Android ina bekapu ya Google inayoweza kuwa imebeba faili lako, maana Realm hulihifadhi kwenye folda ya ndani ya programu, lakini ukomo ni MB 25 kwa programu moja, na kwa kawaida husubiri simu itulie ikiwa kwenye Wi-Fi. Wakala wa kijijini anayeishi kwa vifurushi huenda hajawahi kuipata. Tena bekapu mpya huiandika juu ile ya zamani, kwa hiyo kama unataka kuangalia, zikate simu hizo mtandao leo hii, wala usizime bekapu yenyewe kwenye mipangilio, maana kuizima kunaweza kufuta nakala iliyoko Google. Atakayekuomba pesa ili "avute data" kwa programu ya kompyuta, mkatalie. Programu zile hutafuta picha na video. Faili lililofutwa ndani ya eneo binafsi la programu, kwenye simu ambayo hifadhi yake imesimbwa, hazilifikii. Muda huo watumie mawakala wako kukaa na wakulima na stakabadhi zao, wajaze upya.

Halafu simamisha toleo hilo Play Store sasa hivi. Simu ambazo hazijasasishwa bado zina mipimo.

Toleo la kurekebisha liandike kwa uangalifu, kwa sababu umeachiwa mtego. Kama hukuwahi kupandisha schemaVersion (namba ya toleo la muundo wa data), simu zenye muundo wa zamani zinajitambulisha kwa namba 0, na zile zilizofutwa zikaundwa upya zikiwa na unyevu nazo zinajitambulisha kwa 0 hiyohiyo. Miundo miwili, namba moja. Weka schemaVersion 1, ondoa mstari wa kufuta, andika migration (maelekezo ya kuhamisha data kutoka muundo wa zamani kwenda mpya), na ndani yake uulize kwanza kwa hasField kama "unyevu" upo kabla ya kuita addField ya kuuongeza. Usipouliza, simu zilezile za Pandambili zitagoma tena.

Siku utakapobadili jina la uga, sema wazi kwa renameField. Ukifuta "uzito" na kuongeza "kilo", kanzidata haiwezi kuotea kwamba ni kitu kilekile. Kilo zote zitaondoka na uga wa zamani. Na hatua zako zipande ngazi kwa ngazi: 0 kwenda 1, 1 kwenda 2. Wapo mawakala wanaokaa miezi bila kusasisha, kisha wanaruka matoleo matatu kwa siku moja.

Realm haijafa, ingawa imepungukiwa. MongoDB iliinunua mwaka 2019, na Septemba 2024 ikatangaza kwamba huduma yake ya kusawazisha data na seva itafungwa Septemba 2025. Kanzidata yenyewe ya kwenye simu ni programu huria chini ya leseni ya Apache 2.0, na wewe unapandisha data kwa seva yako mwenyewe. Kwa mradi mpya ningefikiria mara mbili, kwa sababu ya matengenezo ya mbeleni. Kwa mradi ulio shambani tayari, usihame msimu wa mavuno.

Wala kuhama hakukutibu. Room, ambayo wengi huitumia juu ya SQLite, nayo ina mstari wake wa kufuta, fallbackToDestructiveMigration, na najua makundi mawili unapogawiwa vilevile, kwa maneno yaleyale: "ongeza hii, itakubali." Tumezoea kupima dawa kwa kuangalia kama programu imefunguka. Tena wengi wetu tunajaribu kwa kuondoa programu na kuisakinisha upya, hapo data ya zamani haipo kabisa, kosa litaonekana wapi?

Kwa hiyo tafuta simu moja ya bei ya chini, ile ya aina wanayotumia mawakala wako. Sakinisha toleo la zamani kabisa ulilowahi kutoa, ingiza mipimo, zima mtandao, kisha weka toleo jipya juu yake bila kuondoa chochote. Fungua. Hesabu mipimo. Rudia kwa kila toleo ambalo bado lipo mikononi mwa watu, na zile simu mbili za Pandambili uziweke kwenye orodha.