Pweza wako ni mgumu? Soma hapa kabla hujamtupa

Msomaji mmoja wa Morogoro ameniandikia wiki hii. Alinunua pweza wa kilo mbili, akamkatakata mbichi, akamchemsha saa mbili, na mezani watoto wakamtema. Anasema alikuwa kama soli ya kandambili, na anauliza kama watu wa pwani tuna meno ya aina nyingine.

Ujumbe wa namna hii huniuma, kwa sababu pweza hana kosa. Akipikwa sawasawa hukatika kwa ubavu wa kijiko, na mchuzi wake hukushika midomoni kama supu ya kongoro. Mfano wa kongoro sikuuchukua hivi hivi. Nyama ya pweza imefungwa kwa kolajeni, yaani nyuzi ngumu za protini, ile ile inayofanya kwato za ng'ombe zichukue muda mrefu jikoni. Moto ukianza kumshika, kolajeni hujikaza na kumkamua maji yote. Ndiyo maana baada ya dakika 20 mpaka 30 anakuwa mgumu kuliko alivyokuwa mbichi. Akiendelea kukaa kwenye moto wa kutosha, kolajeni ile ile huyeyuka na kuwa utelezi mtamu. Wengi humwonja katikati ya safari, wakaogopa, wakachochea moto mkali au wakaongeza maji ya baridi. Kila unapomwaga maji ya baridi, chungu kinapoa na upishi unasimama mpaka kipate moto tena. Saa mbili za msomaji wangu, ukiondoa muda ambao mkaa ulififia na sufuria ikapozwa, huenda zilikuwa saa moja tu ya kupika kweli.

Tuanzie sokoni. Mnunue kwa kuangalia mwezi. Pweza hupatikana kwa wingi siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi. Hapo ndipo wanawake wa vijiji kama Jambiani na Makunduchi hushuka na vijiti vyao kutafuta mashimo. Siku za maji mafu mwamba hauonekani vizuri, na aliyeko mezani huenda amelala kwenye barafu siku kadhaa. Pweza mzuri ana rangi ya kijivu na kahawia yenye madoa, jicho linang'aa, harufu ni ya bahari tu. Akiwa wa waridi mwili mzima, ngozi inachanika ukiisugua kwa kidole gumba, na pua inakutana na harufu kali ya choo, mwache hata kama bei imeshuka. Kwa nyumbani, kilo moja na nusu ndiyo saizi yangu. Wakubwa zaidi ni watamu, hasa wale wanaotoka pale vijiji vya Pemba na kusini Unguja vinapofungua mwamba uliofungwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, ila wanataka muda zaidi jikoni. Halafu kumbuka anapungua: kilo mbili mbichi hukuachia kama kilo moja iliyoiva. Usialike watu kwa hesabu ya mbichi.

Kumsafisha si kazi. Geuza kichwa ndani nje kama soksi, toa matumbo na kifuko cha wino bila kukipasua, kata macho, kisha bonyeza katikati ya minyiri, ile mikono yake minane, mdomo wake mgumu utoke. Msugue kwa kiganja cha chumvi ya mawe mpaka ute uwe povu la kijivu, na upitishe kidole kwenye kila kinyonyeo maana mchanga hujificha humo. Suuza mara tatu.

Wavuvi humpiga juu ya jiwe au kwa gongo mpaka minyiri ilegee na isijikunje tena. Kama muuzaji amekwambia kapigwa, muulize tena. Kama huna uhakika, mtie kwenye friza usiku mbili, kisha mwache ayeyuke taratibu chini kwenye friji. Barafu inavunja nyuzi za nyama kama lile gongo. Kuna wanaojivuna kwamba hawali pweza aliyegandishwa. Kwa samaki kama changu nakubaliana nao, kwa pweza wanakosea. Papai bichi silipendi hapa: linalainisha juu mpaka panakuwa uji huku ndani pakibaki vile vile. Magadi waachie maharage na kande.

Sasa moto. Mweke mzima, usimkatekate, ndani ya sufuria nzito isiyo na tone la maji. Funika, moto wa wastani. Baada ya dakika saba au nane fungua uone: amejikunja kama ua, na chini kuna maji ya zambarau aliyoyatoa mwenyewe. Hayo ndiyo atakayopikiwa. Ukimzamisha kwenye maji ya bomba tangu mwanzo, utamu wote unaogelea nje yake. Punguza moto mpaka maji yatoe vipovu kidogo tu pembeni, rudisha kifuniko, na umwache. Mgeuze kila baada ya dakika 20. Maji yakikauka ongeza kikombe cha maji ya moto, si ya baridi. Chumvi usitie, ametoka nayo baharini, na maji yakipungua inakolea.

Wa kilo moja na nusu huchukua saa moja mpaka saa moja na robo. Saa isikudanganye lakini: chukua kisu chembamba, choma pale mnyiri unapoungana na kichwa, maana pale ndipo panene. Kikiingia kama kwenye kiazi kilichoiva, zima. Kikikwama, dakika 10 nyingine. Ukiwa na sufuria ya presha, dakika 15 mpaka 20 tangu ianze kupiga filimbi zinatosha, na hiyo uitie vikombe viwili vya maji ya moto ili isiungue. Kisha mwache apoe ndani ya maji yake nusu saa. Ukimtoa akiwa anafuka mvuke anakauka, na ngozi inabaki kwenye sufuria. Ngozi mimi naiacha, ina rangi na ina ladha. Asiyeitaka aivute wakati huu, inatoka kirahisi.

Hapa ndipo kila mji unashika njia yake. Dar es Salaam jioni, kwenye vibanda vya supu, anakatwa vipande vidogo juu ya kibao, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili ya ndimu, na maji yake unapewa kwenye kikombe. Watu huyanywa kwa kutafuta nguvu za kiume. Mimi nasema yanyweni kwa sababu ni matamu. Mombasa utakutana zaidi na mchuzi mzito wa kitunguu kilichokaangwa, nyanya na bizari nyingi. Anayetaka wa kuchoma amchemshe kwanza mpaka alainike, kisha mkaa mkali dakika tatu tu kila upande. Asiyechemshwa kabla ya jiko la mkaa ndiye anayewafanya wageni waape kutomrudia.

Kwangu mimi hakuna anayemshinda wa nazi, ule upishi wa Unguja na Pemba. Chukua nazi mbili uzikune: kamua tui zito la kwanza kikombe kimoja na nusu, liweke pembeni, kisha kamua tui jepesi vikombe viwili. Kwenye tui jepesi tia vitunguu maji viwili, nyanya tatu zilizomenywa, kitunguu saumu punje tano na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba vilivyotwangwa, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, bizari nyembamba kiasi hicho hicho, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka. Chemsha mpaka nyanya zipotee. Kata pweza vipande vya upana wa vidole viwili, mtie pamoja na kikombe kimoja cha maji yake ya zambarau, dakika 10. Onja ndipo uamue chumvi.

Tui zito linaingia mwisho, na hapa wengi wanaharibu. Usifunike. Koroga bila kuacha, ukichota na kumimina kwa upawa, mpaka mchuzi uchemke taratibu. Ukiuacha peke yake kwenye moto mkali tui linakatika, mafuta yanakaa juu na chini panabaki chengachenga. Dakika tano zinatosha. Ndimu kamua baada ya kuepua, kamwe si kabla, kwa sababu uchachu ukikutana na tui linalochemka nalo linakatika. Anayependa ukwaju autie mapema, kwenye tui jepesi, kijiko kimoja cha uji wake mzito, kisha aache ndimu.

Mle kwa wali mweupe, au kwa mkate wa kumimina kama ni jioni ya Ramadhani. Maji ya zambarau yaliyobaki yachuje, yagandishe kwenye kikopo, yatakuwa maji ya kupikia wali wa siku nyingine. Na pweza wa nazi akilala, kesho yake mchuzi unakuwa mzito: vijiko viwili vya maji ya moto, moto mdogo, koroga mpaka apate joto tu, usimruhusu achemke tena.