Chuo Kikuu Hakina Kungwi

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makorora hapa Tanga, nakaanga vitumbua. Binti yangu wa pili ana miaka 20, anasoma biashara Chuo Kikuu cha Dodoma. Amemaliza mwaka wa kwanza, yuko nyumbani likizo tangu mwezi wa saba. Nilimsubiri kama mvua. Hata yule msichana wa jirani aliyekuwa akinisaidia alfajiri nilimwachisha, nikijua mwenyewe anakuja.*

*Shangazi, huyu siye niliyempandisha basi Kange. Analala saa nane usiku simu iko sikioni, anacheka peke yake chini ya shuka, anaamka saa nne mie nimeshauza nimemaliza. Juzi alikwenda ufukweni Raskazone na wenzake akarudi saa tano usiku. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kabisa: "Mama, mwaka mzima Dodoma hakuna aliyeniuliza narudi saa ngapi." Ule upole ndio ulioniumiza. Sasa anataka ufunguo wake. Nikimwambia anisaidie kazi ananiuliza kama nimewahi kupiga hesabu ya mafuta na mkaa nikaona kinachobaki. Hiyo ni heshima? Begi lake mpaka leo liko pembeni ya mlango halijafunguliwa, maana kitanda chake analalia mdogo wake na yeye nimemtandikia godoro chini. Baba yake anasema "mkanye mwanao". Kaka yake, wa bodaboda, ameanza kumfokea. Nimfanyeje?*

*Mama wa Vitumbua, Makorora*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa moshi wa alfajiri.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako wote. Mara ya pili nikaona kuna mambo umeyapita mbio, na niruhusu nianze na hayo. Saa tano za Raskazone tutazifikia, hazikimbii.

Begi. Umelitaja kwa mstari mmoja kisha ukaenda zako. Mtoto ametoka Dodoma, kutwa nzima barabarani, Morogoro, Chalinze, Segera, anafika kwao anakuta kitanda kina mwenyewe. Sikulaumu, nyumba zetu hizi hazina chumba cha kukaa kitupu kikimsubiri mtu miezi tisa. Lakini mtu anayelala kwenye godoro linalokunjwa asubuhi, nguo zake zimo ndani ya begi, begi liko mlangoni, huyo anaitwa mgeni. Umempokea kigeni, kisha unamdai kazi za mwenyeji. Kabla hujamwambia neno lolote, sogeza nguo za mdogo wake kabatini, utoe nafasi hata ya rafu moja, umwambie "hapa pako". Kitanda walalie kwa zamu kama hamna njia nyingine. Uniambie kama begi halikufunguliwa siku hiyo hiyo.

Sisi wa pwani tulikuwa na utaratibu wetu wa mambo haya, tumeuacha ukapotea, au tumebaki na ngoma tu. Mwali alipotolewa nje, mtaa mzima ulijua kwamba aliyeingia ndani siye aliyetoka. Alivalishwa, akatunzwa, akaonekana. Mama naye alipata lake: kuanzia siku ile kuna maneno humwambii mwanao mbele za watu, na kuna mambo ya ndani atayapeleka kwa somo yake, yaani kungwi aliyemfunda, wewe usichokonoe. Chuo kikuu hakina kungwi. Kinamchukua mtoto mwisho wa mwaka, kinamrudisha Julai, na hakuna anayekuja kukwambia lolote. Yeye anadhani umeshaona kwamba amekua. Wewe unadhani umerudishiwa yule yule, tena kwa deni la kazi za miezi tisa.

Najua utanijibu: lakini Shangazi, huyu kidato cha tano na sita alilala bweni, na akirudi likizo alikuwa ananisagia mchele bila kuambiwa. Ndiyo. Bweni lilikuwa na kengele, lilikuwa na matroni, na zamu ya kufagia imebandikwa ukutani. Alikuwa anatoka kwenye kengele moja anakuja kwenye kengele nyingine, ambayo ni wewe. Chuoni kengele ni yeye mwenyewe. Kipindi cha saa moja asubuhi aende asiende, hakuna wa kumgongea dirisha. Kama ni mtoto wa mkopo, bumu, ile hela ya kujikimu, linahesabiwa hadi shilingi 10,000 kwa siku, kula na kulala, nalo linaingia kwa mkupuo. Akilimaliza kwa viatu na nywele, atakula kwa mwenzake mpaka jingine liingie. Hayo amejifunza mwenyewe, kwa kukosea, na amerudi mzima. Kwa hiyo aliposema hakuna aliyemuuliza anarudi saa ngapi, hakuwa anakujibu jeuri. Alikuwa anakusimulia alivyoishi, na pengine hukuwahi kumuuliza.

Hata hicho kicheko cha saa nane za usiku. Mwaka mzima amelala chumba kimoja na wasichana wengine, leo mmoja yuko Bukoba, mmoja Mbeya, mmoja Mtwara, na yeye yuko chini ya shuka Makorora. Ana upweke. Mwambie apunguze sauti, wadogo zake wanalala. Basi.

Nakwambia haya nami si msafi. Kifungua mimba wangu alisoma Morogoro. Likizo yake ya kwanza nilimwekea saa nne usiku kuwa ndiyo mwisho, na siku alipopitisha nikatia komeo la juu. Nilikaa kitandani namsikia. Hakugonga. Aliusukuma mlango kwa vidole, mara moja, akaelewa. Kisha nikasikia kandambili zake zinarudi barazani. Asubuhi nikakuta mkeka umekunjwa vizuri umeegemezwa ukutani na mwenyewe hayupo. Alikwenda kwa mama yake mkubwa, Barabara ya 12, akakaa huko wiki sita hadi chuo kilipofunguliwa. Mimi nilikuwa napeleka samaki kwa mkono wa watu. Komeo nililishinda, mtoto nilimwona siku ya kumsindikiza stendi.

Haya, Raskazone.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Mbele ya serikali binti yako ameshavuka. Makorora nayo ina sheria zake, tena ina macho mengi, na sitakwambia uyapuuze kwa sababu hapo ndipo unapouza. Ila tofautisha mambo mawili unayoyachanganya: majirani watasema nini, na mtoto atafikaje salama. Hilo la kwanza huna dawa yake. La pili unayo.

Mpe ufunguo. Fundi akuchongee, usimpe ule wako kwa siku moja moja kama mtu anayeazimwa sufuria. Na ufunguo uende na maneno haya, uyaseme baada ya Isha mkiwa wawili tu, si mbele ya wadogo zake wala si pale kwenye jiko: ikifika saa tatu usiku uko nje, nijue uko wapi, uko na nani, na unarudi na bajaji ya nani. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Ukisema saa nne, iwe saa nne. Ikibadilika, niambie kabla sijaanza kuhesabu ajali. Mwambie na ukweli wenyewe, kwamba unaamka saa kumi alfajiri na usingizi wako hauji mpaka mlango ulie. Huenda hajui. Watoto wanadhani mama anazimika kama taa.

Kisha sharti hilo hilo mpe kaka yake. Umemtaja kama askari wa nyumba, hukuandika yeye anarudi saa ngapi. Kwa wa bodaboda, nina wazo langu. Kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye simu yake isipopokelewa usiku mimi ningeomba maji ya kunywa, ni huyo aliye juu ya pikipiki. Aache kufoka. Akitaka kumlinda dada yake, ana chombo na anajua njia, amfuate Raskazone amrudishe nyumbani, wakija wanabishana mpira njiani.

Mzee wa "mkanye mwanao" naye mwambie namsalimu. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka, nadhani alikuwa mwanawe.

Sasa vitumbua, maana nahisi hapa ndipo penye donge lenyewe. Ulimwachisha yule msichana wa jirani kabla basi halijafika, hukumwambia binti yako kwamba nafasi ile ni yake, kisha siku ya kwanza alfajiri ukasimama na karai unamsubiri aote mwenyewe kutoka godoroni. Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga. Yeye alikuwa amemaliza mitihani, labda wiki mbili hajalala vizuri. Wewe ulikuwa na miezi tisa ya kumtamani pale pembeni yako, yule wa kukuna nazi huku anakupigia hadithi za shule. Hukumtaka wa kazi, mdogo wangu. Ungetaka wa kazi usingemwachisha aliyekuwepo. Hebu mwambie hivyo, kwa maneno hayo hayo: nilikukumbuka pale jikoni. Siyo "wewe siku hizi mvivu".

Yule msichana mrudishe, ana kwao na alikuwa anategemea ile hela. Binti yako achukue asubuhi tatu kwa wiki, azichague mwenyewe siku zake, na siku aliyoichagua asipoamka mwamshe bila huruma. Ameichagua.

Na lile swali lake la mafuta na mkaa umelipokea vibaya. Mtoto anasoma biashara, amekaa darasani mwaka mzima akifundishwa gharama na faida, anarudi nyumbani anamwona mama yake yuko kwenye moshi tangu saa kumi, na kitu cha kwanza alichofanya na elimu yake ni kuuliza kama mama analipwa. Kalisema kitoto, kweli, tena huku anapiga miayo. Lakini katika barua yako nzima sikuona mtu mwingine aliyeliuliza. Siku moja mpe daftari. Kilo za mchele ulizoloweka, nazi, sukari, hiliki, hamira, mafuta yaliyomwagwa na yaliyobaki, mkaa, na ile sahani unayompa jirani bure kila Ijumaa. Aandike wiki nzima. Inawezekana akagundua unapata. Inawezekana akagundua unawalisha madereva wa bajaji wa Makorora kwa sadaka. Vyovyote itakavyokuwa, mtakuwa mmekaa meza moja.

Kuna maswali mawili ambayo hukuyaandika, lakini nimeyasikia.

La kwanza ni matokeo. Hakuna mahali umesema amefaulu. Ukimwuliza "umepata ngapi" utapewa jibu la kukunyamazisha. Muulize "unarudi chuo lini?" Mwenye sapu anatakiwa arudi kufanya mtihani wa marudio kabla mwaka mpya wa masomo haujafunguliwa, kwa hiyo akikutajia tarehe ya mapema kuliko wenzake, umeshajibiwa. Na akikutajia hiyo, usipige kelele. Sapu siyo kudisko, siyo kufukuzwa chuo. Ni somo moja au mawili ya kurudia, wengi wamepita humo na leo wana ofisi. Utaelewa tu kwa nini halali usiku, na kwa nini anaikimbia nyumba. Nauli ya kurudi mapema uanze kuitenga sasa, maana bumu la likizo hakuna na ataona haya kuomba.

La pili ni mwanaume. Simu yake usiiguse. Usimtume mdogo wake aiangalie pia, nawajua nyie. Mambo hayo kwa mila yetu mama si wa kwanza kuyasikia, na nadhani waliotutangulia walikuwa na akili kwa hilo. Somo yake yuko wapi? Kama alichezwa unyago, yupo. Kama hakuchezwa, ana shangazi, ana mama mdogo, ana yeyote anayecheka naye. Mpeleke huko akalale siku mbili. Wakimaliza mazungumzo yao usiulize yalikuwa nini. Uliza tu kama wamekula vizuri.

Machungwa ya Muheza yamejaa sokoni wiki hizi na bei imeshuka. Nunua fungu, mmenye pamoja jioni barazani, uanze na ile habari ya rafu. Ufunguo uje baadaye, usimpe vyote siku moja akadhani unaumwa.

Barua ya pili uniandikie basi la Dodoma likishaondoka Kange. Na ukipata mtu anayekuja huku kwangu, vitumbua viwili, vya ukingoni, vile vilivyoungua kidogo.

Shangazi