Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka

SWALI: Ndugu Mhariri, jirani yangu anatafuta mbwa wa asili ya Kongo aitwaye basenji, ambaye husemekana kuwa habweki. Anadai kwamba ni mlinzi hodari, ilhali mimi naona mbwa asiyebweka hawezi kulinda hata banda la kuku. Isitoshe, nikimtazama pichani namwona kama mbwa koko aliyepewa jina la fahari. Yupi kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na jina, kwa kuwa fahari unayoisikia ndani yake haipo. Basenji ni ndugu wa neno letu “washenzi”, na huko Kongo mbwa wa basenji ni mbwa wa watu wa porini. Ajabu ni kwamba neno tunalolitumia kutukania ndilo linaloandikwa leo kwenye vyeti vya nasaba vya mbwa wanaofugwa Uingereza na Marekani.

Mbwa koko ni mbwa ambaye hata wazazi wake hawajulikani, lakini basenji ana umbo linalojirudia kizazi baada ya kizazi, nalo lilijengeka kwa kazi ya kuwinda msituni. Dume hufikia takribani sentimita 43 begani na uzito wa kilo 11, na jike hupungua kidogo. Masikio yake husimama wima, na anapoyatega, kipaji chake hujikunja makunyanzi kama cha mzee anayefikiri. Mkia hujiviringa juu ya kiuno, na nyayo, kifua na ncha ya mkia huwa vyeupe. Manyoya yake ni mafupi, hana harufu kali, na hujilamba mwili mzima kama paka.

Kuhusu kubweka, si kweli kwamba ni bubu. Huunguruma, hulia, mara mojamoja hubweka, na akifurahi hutoa sauti ya kupanda na kushuka inayokaribia kuimba. Ila hana ile tabia ya kubweka mfululizo, na wataalamu huihusisha hali hiyo na umbo la zoloto lake, yaani kiungo cha kooni kinachotoa sauti. Kwa mwindaji anayetumia mbwa kukurupusha wanyama waelekee kwenye nyavu, mbwa asiyesikika katika kichaka kizito ni tatizo. Ndiyo maana wawindaji wa misitu ya Kongo humfunga shingoni kengele ya mti iliyochongwa ikawa wazi ndani, ili mlio wake uwaonyeshe alipo na anakoelekea.

Kwa hiyo jirani yako ana nusu ya ukweli. Basenji ni mwangalifu, huwashuku wageni na humwona mtu kabla wewe hujamwona, lakini huenda asikuamshe. Kama anachohitaji ni mbwa wa getini, namshauri atafute mwingine, hasa kwa kuwa huyu hupenda kufikiri mwenyewe kabla ya kutii na akiona kinyama kinakimbia hasikii la mtu.

SWALI: Jike langu la basenji lina miaka miwili na huingia kwenye joto, yaani hutaka dume, mara moja tu kwa mwaka. Je, ni tasa?

JIBU: Hapana. Mbwa wengi wa kufugwa huingia kwenye joto takribani mara mbili kwa mwaka, lakini kwa basenji mara moja ndiyo kawaida, kama ilivyo kwa mbwa mwitu.

SWALI: Je, ni kweli kwamba mbwa huyu, kwa kuwa ni wa kienyeji, haugui?

JIBU: Dhana hiyo imewagharimu wengi. Jozi iliyopelekwa Uingereza mwaka 1895 ilikufa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa ambao ugumu wa msituni haukuwa umeiandaa kuukabili. Baadaye, basenji waliozaliana ng’ambo walitokana na mababu wachache mno, na miongoni mwao ukaenea ugonjwa wa kurithi wa Fanconi, ambao hufanya figo zishindwe kurudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, vikapotea kwenye mkojo. Ili kupanua damu hiyo, wafugaji wa Marekani walifunga safari hadi Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, mwaka 1987 na 1988, wakarudi na mbwa wapya, wakiwamo wenye milia kama ya chui milia, na mwaka 1990 daftari la nasaba la Marekani likafunguliwa kuwapokea.

Kwa hiyo, kabla ya kumchukua mtoto wa basenji, omba matokeo ya kipimo cha vinasaba cha wazazi wake. Ukiwa naye tayari, na ukaona anakunywa maji kupita kiasi na kukojoa mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umwombe apime sukari kwenye mkojo kwa kile kijikaratasi kinachobadilika rangi. Sukari ikionekana kwenye mkojo huku ile ya damu ikiwa ya kawaida, figo ndizo za kuchunguzwa kwanza, maana kisukari kingeipandisha sukari ya damu pia.