Mapacha Wamepishana Karibu Kilo: Nani Ananyimwa Maziwa?

SWALI: Mapacha wangu, mvulana na msichana, walizaliwa wiki ya 35. Mvulana alikuwa na kilo 2.4, dada yake 1.9. Sasa wana wiki 10: mvulana kilo 4.4, msichana 3.5. Mama mkwe anasema mkubwa anammalizia mwenzake maziwa, nianze kumpa msichana maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji. Nifanyeje?
Mama Pacha, Ahero

JIBU: Mama, tuanze na hesabu. Kwa siku 70 mvulana ameongeza kilo 2, yaani gramu 28 hivi kwa siku. Msichana ameongeza kilo 1.6, karibu gramu 23 kwa siku. Umri huo tunatarajia gramu 20 hadi 30, kwa hiyo hakuna anayenyimwa. Ni kweli pengo limetoka nusu kilo hadi karibu kilo nzima, lakini msichana alizaliwa akiwa nyuma ya kaka yake kwa asilimia 20 na ushei, na leo ni hiyo hiyo.

Angalia pia chati ya uzito imejazwaje. Walikuja wiki 5 kabla ya ile ya 40, kwa hiyo umri wa kuwapimia ni wiki 5, si 10. Nukta ya msichana ikiwekwa kwenye wiki ya 10 inaangukia huko chini kabisa, kila mtu ashtuke. Kwenye wiki ya 5 imo ndani ya mistari ya kawaida. Kila mtoto awe na kitabu chake cha kliniki, maana chati ya wasichana si ya wavulana. Wapimwe bila nguo wala nepi, kwenye mizani ile ile. Nukta za mmoja zikilala bila kupanda kwa wiki 2, hapo ndipo pa kukimbilia kliniki, hata kama ni yule mnene.

Maziwa ya ng'ombe, hapana. Bila maji yana protini na chumvi nyingi kwa figo za mtoto wa chini ya miezi 6, na madini ya chuma kidogo. Ukiyatia maji, mtoto anajaza tumbo bila kupata nguvu. Tena titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Akishiba kikombe, ataliacha, nalo litapunguza.

Shida ya njiti, yaani mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ni usingizi: hunyonya dakika chache, huchoka, hulala kabla ya kushiba. Kwa Kijaluo wa kwanza kuzaliwa ni Opiyo au Apiyo, wa pili Odongo au Adongo, lakini zamu ya titi isifuate majina. Anayechoka upesi ndiye aanze. Au wanyonye pamoja: weka mto mapajani, kila mmoja chini ya kwapa lako la upande wake, miguu ikielekea mgongoni kwako, kiganja chako kikishika shingo na mabega. Usisukume kisogo, ukikisukuma, mtoto atajirusha nyuma na kuachia chuchu. Mvulana akivuta kwa nguvu, maziwa hushuka matiti yote mawili, na dada yake hupata bila jasho. Kesho wabadilishane upande.

Baadaye kamua dakika 5 hadi 10, umpe msichana kwa kikombe kidogo akiwa wima na macho. Gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, maziwa yafike midomoni tu, yeye mwenyewe ayarambe. Ukimmiminia atapaliwa. Kwa joto la Ahero, maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa 4.

SWALI: Watoto wetu watatu walizaliwa wiki ya 32, sasa wana miezi 7. Uji tuuanze lini? Tumesagisha unga wa mahindi, wimbi, soya, njugu na omena pamoja.
Baba Watatu, Bungoma

JIBU: Ukitoa zile wiki 8, wana miezi 5 na kidogo. Tazama dalili: anashika kichwa, anakaa akiegemezwa, anafungua mdomo akiona kijiko na hakisukumi nje kwa ulimi. Anayezionyesha aanze, mwenzake asisubiriwe. Njiti huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, kwa hiyo uliza kliniki kuhusu matone yake.

Huo unga wa kila kitu siupendi. Njugu na omena huchacha mapema, soya isiyokaangwa humeng'enywa kwa shida, na mtoto akitoka vipele hutajua ni kipi kilichomdhuru. Saga wimbi peke yake. Omena toa vichwa, osha mchanga, kaanga bila mafuta, saga, kisha tia kijiko kimoja cha chai kwenye uji uliokwisha kuiva. Uji ukae juu ya kijiko. Ukitiririka, wamekunywa maji. Anza na vijiko vikubwa 2 au 3, mara 2 kwa siku, kila mtoto na bakuli lake la rangi yake. Bakuli moja la watatu hulisha mwenye mdomo mwepesi, na jioni hakuna anayejua nani amekula nini.

SWALI: Wajukuu wangu pacha wana miezi 14. Mmoja anatembea, mwingine anashika viti tu. Ni mvivu?
Nyanya, Kakamega

JIBU: Si uvivu, Nyanya. Watoto wengi wazima hutembea kati ya miezi 9 na 18, na pacha hawafungwi kamba moja. Kama walizaliwa kabla ya wakati, toa zile wiki kwanza. Akifika 18 bila kupiga hatua, au ukiona mguu mmoja unaburuzwa, mpeleke akaonwe.